Mwenye Maslahi Atoke Nje

Jumamosi ya kikao cha bodi, hakuna aliyeruhusiwa kukaa sebuleni tangu asubuhi. Mito ya makochi ilikuwa imekung'utwa na kusimamishwa kwa pembe kama inayosubiri kupigwa picha, na vile vikombe vyenye ukingo wa dhahabu vilikuwa vimeshushwa kabatini. Vikombe hivyo vilikuwa vya bodi. Mjukuu aliwahi kunywea maziwa kimojawapo, na mpaka leo babu yake humkumbusha habari hiyo kila anapoomba kitu.

Babu mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na sasa alikuwa mwenyekiti wa bodi ya Kituo cha Wazee, kile kilichoko nyuma ya soko, ambako wazee wasio na mtu wa kushinda naye hupelekwa asubuhi na kurudishwa jioni. Cheo kilikuwa kimemkolea. Hata mkewe alimwita Mwenyekiti, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea, na siku akimkasirikia, kwa utani tena. Kituo kilikuwa na chumba chake kizuri tu cha mikutano, lakini Mwenyekiti alisema wazee wana kelele, na tena viti vya kule ni vya plastiki. Kwa hiyo bodi ilikutana sebuleni kwake, miaka nenda miaka rudi, na chai ikawa juu yake.

"Leo ndiyo ile kazi?" mkewe aliuliza akipanga vikombe kwenye sinia.

"Ajenda ziko nyingi."

"Sikuuliza ajenda. Nimeuliza kazi."

Mwenyekiti akajitia kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Mratibu wa Kituo alikuwa amehamia mji mwingine, nafasi ikatangazwa, na miongoni mwa walioomba alikuwamo mkwe wao. Mkwe huyu alikuwa mtunza ghala wa kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kilipofungwa. Kodi ya nyumba ikamshinda, akaja na mkewe na mtoto kukaa kwa wiki chache katika chumba cha nyuma, pale Mwenyekiti alipokuwa akiweka vitabu vyake. Wiki chache hizo zilikuwa zimefika mwaka. Sasa alijua kutembea humo ndani bila kusikika. Aliomba ruhusa ya kutumia pasi kila alipoitaka, na kichekesho cha baba mkwe wake alikicheka hata kikirudiwa mara ya tatu.

Jioni moja, mezani, Mwenyekiti akiwa ameshiba na moyo wake umekunjuka, alimpiga mkwe begani akasema, "Hilo la kazi niachie mimi." Maneno matano tu. Tangu siku hiyo binti yake alianza kuulizia bei za vyumba vya kupanga, mkewe akaanza kumwekea mumewe minofu, na mkwe akawa anapiga viatu rangi kila Jumamosi bila kuwa na pa kwenda. Mwenyekiti yeye akaanza kukosa usingizi. Ahadi ni deni, na deni hili lilikuwa linalala chumba cha pili.

"Ulimwambia mtoto wa watu akuachie wewe," mkewe akaendelea. "Sasa usije ukaniletea lugha ya bodi humu ndani."

Mkwe akatokeza mlangoni. Shati limenyooka, tai imekaza shingo, kana kwamba ndiye aliyeitwa kwenye kikao. "Baba, kama kuna kiti cha kuongeza..."

"Viti vinatosha."

"Sawa, baba. Sinia nitaleta mimi, kama kawaida."

"Vizuri," alisema Mwenyekiti, naye hakumtazama usoni.

Wajumbe waliingia mmoja mmoja. Katibu alikuwa karani mstaafu wa posta, ambaye mchango wake katika bodi kwa miaka yote ulikuwa maneno mawili: "Naunga mkono." Mweka hazina alikuwa mama mwenye saluni, watu walimwita Mama Saluni. Wa tatu alikuwa Mwenye Duka, muuza magodoro mnene, mwenye subira. Wa nne alikuwa Nesi, mdogo kuliko wote, aliyejiunga na bodi hivi karibuni, naye alikuwa na tabia moja ya kuudhi: alisoma makaratasi kabla ya kikao.

Mwenyekiti alikuwa amejipanga kulipitisha jambo lake kama mtu anayevuka mtaro, kwa hatua moja na bila kutazama chini. "Ajenda ya mratibu ni fupi," alisema. "Usaili mmefanya wenyewe wiki iliyopita, mimi nilikuwa naumwa." Alikuwa ameugua siku hiyo kwa makusudi, na aliona kwamba kuugua huko kumetosha. "Naamini tutaimaliza kabla chai haijaja."

Nesi akainua mkono. "Samahani, Mwenyekiti. Kuna kifungu."

Mwenyekiti alikijua kifungu. Alikiandika yeye mwenyewe siku ya kutunga katiba ya Kituo, akakisoma mbele ya watu kwa sauti nzito: mjumbe mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa atayatangaza, kisha atatoka nje. Alimkumbuka pia mtu wa kwanza kukumbwa nacho. Kituo kilipotaka magodoro ya wazee kujilaza mchana, Mwenye Duka aliulizwa kama anauza magodoro, na mtu aliyeulizwa hivyo alikuwa na duka lenye bango la godoro refu kuliko mlango. Mwenyekiti alikisoma kifungu amesimama, akakirudia, na Mwenye Duka akatoka ameinamisha kichwa.

"Mwanangu," Mwenyekiti alimwambia Nesi kwa ile sauti ya upole iliyokuwa ikiwatoa wanafunzi jasho, "hapa hakuna maslahi. Mkwe si damu."

"Anakaa wapi, Mwenyekiti?"

Nyuma ya pazia la maua, upande wa jikoni, kikombe kiligonga kisahani.

"Kwa muda tu," alisema Mwenyekiti.

Mwenye Duka akajikuna kidevu. "Sheria ni msumeno, Mwenyekiti. Wewe ndiye uliyetufundisha. Unakata mbele, unakata nyuma."

"Sasa nitoke niende wapi? Hapa ni kwangu!"

"Mimi nilikwenda jikoni. Pazuri. Pana stuli."

Mwenyekiti akamgeukia Katibu, mtu wake wa siku zote. Katibu, kwa mazoea, akasema, "Naunga mkono," halafu akagundua ameunga mkono upande gani, akaanza kukagua kalamu yake kama inayovuja.

Hakukuwa na la kufanya. Mwenyekiti akamwachia Mama Saluni kiti, akafunga kifungo cha koti, akatoka sebuleni kwake mwenyewe kama mgeni anayeaga.

Jikoni kwake aliingia mara chache, na akiingia ilikuwa kuulizia chakula. Siku ya kikao ndiyo hakuwahi kukanyaga kabisa, kwa kuwa siku ya kikao alikuwa kitini. Alikuta watu watatu kimya. Mkewe alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na ukuta, binti yake amesimama na mwiko mkononi, na mkwe yuko pembeni ya mlango ameshika sinia yenye vikombe. Wote walikuwa wanatazama kidirisha cha kupitishia vyombo. Kidirisha hicho Mwenyekiti alikichora mwenyewe kwenye ramani ya nyumba, baada ya kukiona kwa mkaguzi wa shule, na alikitia pazia la maua ili wageni wasione sufuria.

"Mbona mmenyamaza kama..."

"Shhh!" mkewe alisema.

Mwenyekiti hakuwahi kuambiwa hivyo tangu aoe. Kabla hajaamua akasirike vipi, sauti ya Mama Saluni ikaingia jikoni safi kabisa, kama vile amekaa ndani ya sufuria: "Haya jamani, mwenye nyumba katoka. Tuseme yaliyo moyoni."

Mwenyekiti akalitazama pazia, akamtazama mkewe. "Huwa mnasikia hivi?" alinong'ona.

"Kila kikao. Ulidhani nilijuaje kwamba ulitaka kununulia Kituo gari wakati choo chao hakina mlango?"

"Na wale waliotolewa nje?"

"Walikaa hapa nilipokaa. Mwenye Duka alinisaidia kumenya vitunguu. Maskini, yale machozi mimi nilidhani ni ya vitunguu."

Mwenyekiti alihisi masikio yakimwaka. Alikumbuka vizuri alichosema siku ile, maana kilikuwa kichekesho chake bora kuliko vyote vya mwaka. Alisema godoro la bwana yule ukilala juu yake usiku, asubuhi unaamka umelala chini. Bodi nzima ilicheka, Katibu akapaliwa na chai. Na mtu mwenyewe alikuwa hatua chache tu nyuma ya pazia, ana kisu na kitunguu mkononi, na aliporudi ndani alisema ahsante kwa chai.

"Matokeo ya usaili hayana utata," sauti ya Nesi ilikuwa inasema. "Kaimu ameongoza, tena kwa mbali."

Kaimu alikuwa mama mmoja mfanyakazi wa Kituo, aliyeshika nafasi tangu mratibu aondoke, bila kuongezwa mshahara na bila kuuliza.

"Sote tulikuwepo," alisema Mama Saluni. "Tulimuuliza yule kijana, mzee akigoma kula utafanyaje? Akasema ataandika ripoti."

Watu wakacheka kule ndani. Huku jikoni mkwe aliendelea kuitazama sinia.

"Kaimu yeye alisema atakaa chini naye, aanze kula yeye," Nesi akamalizia.

"Ni kweli, ni kweli," hiyo sasa ilikuwa sauti ya Katibu, na Mwenyekiti alishangaa kumsikia akitoa sentensi nzima. "Lakini tutazame na upande wa pili. Mzee wetu tutamweka wapi? Tukimnyima mkwe wake, Jumamosi ijayo tunaingiaje hapa? Miaka yote tunakunywa chai yake."

"Chai ya watu tumeinywa kweli," alikubali Mama Saluni.

"Zile alama si mawe, zinarekebishika kidogo. Kaimu tutamwambia alikaribia sana. Yule mama hana maneno, hata kwa hilo atashukuru."

"Kwa hiyo mnampa kijana kazi, au mnalipa chai?" Nesi aliuliza.

Mama Saluni akasema wapige kura, na jikoni watu wanne waliacha kupumua. Katibu alikubali. Mama Saluni alikubali, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Nesi alikataa. Mwenye Duka alipoulizwa alisema, "Mimi sipigi. Mimi leo nimekuja kusikiliza."

"Basi kijana amepita," alisema Mama Saluni.

Tuseme ukweli: furaha ndiyo iliyotangulia. Ilimpanda Mwenyekiti kifuani kama maji ya moto, na mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa kanga asije akapiga kelele, na binti yake amemshika mume wake mkono, machozi yanamlengalenga. Kwa dakika ile nyumba yote ilikuwa imepata ilichokuwa ikikiomba mwaka mzima. Kisha Mwenyekiti akamwona mkwe. Hakuwa amesogea hata kidogo.

"Mama," mkwe aliuliza polepole, "sinia nipeleke sasa, au nisubiri wamalize kucheka?"

Mama mkwe wake akaishusha kanga mdomoni.

"Kumbe nilifeli," akasema.

"Kura imepita," alinong'ona Mwenyekiti.

"Nimeisikia, baba. Nimesikia na ya kabla ya kura."

"Wewe nyamaza!" binti wa Mwenyekiti akamgeukia mumewe. "Kazi ni kazi. Nani atakuuliza uliipataje? Mtoto anakua anadhani baba yake ni mpiga pasi." Halafu akamgeukia baba yake, na mwiko ukamgeukia pamoja naye. "Na wewe, baba, usinitazame hivyo. Mimi ulinirudisha darasa kwa alama mbili. Shuleni kwako! Wenzangu wakaendelea, mimi nikabaki nakaa dawati moja na wadogo zao. Ukasema alama haijui mtoto wa mwalimu. Basi leo ijue. Leo nilipe."

Habari hiyo ya alama mbili Mwenyekiti alikuwa ameisimulia katika hotuba nyingi, na kila mara ilipigiwa makofi. Aliisimulia siku ya kustaafu, akaisimulia siku ya kuchaguliwa mwenyekiti. Hakuwahi hata siku moja kumuuliza mwanawe ilikuwaje kukaa kwenye dawati lile. Sasa alimwona, mwanamke mzima mwenye mwiko, akamwona na msichana yule wa dawatini, akashika ukingo wa meza. Alitaka kumlipa. Mungu ni shahidi, alitaka sana. Lakini kila alipofungua kinywa aliisikia sauti ya Katibu ikisema Kaimu aambiwe alikaribia, na alijua kwamba angekuwa mwalimu mkuu bado, na karani wake akasema vile juu ya alama, angemfukuza kazi kabla ya kengele.

Akanyoosha mikono, akaichukua sinia kutoka kwa mkwe.

"Unakwenda wapi?" mkewe aliuliza. "Hujaitwa. Kifungu kinasema utoke nje, hakisemi urudi na chai."

"Kifungu nilikiandika mimi."

"Ndiyo maana kina matundu."

Hakuna mjumbe aliyewahi kumwona Mwenyekiti amebeba sinia, na kwa jinsi vikombe vilivyokuwa vikigongana, ilionekana hata vyenyewe vimeshangaa. Alipofika mezani chai ilikuwa nusu kwenye vikombe, nusu kwenye sinia.

"Mwenyekiti! Ndiyo tulikuwa tunataka kukuita," alisema Mama Saluni kwa uchangamfu mwingi kupita kiasi. "Tuna habari njema."

"Nimeisikia."

"Umeisikia wapi?"

Mwenyekiti akaonyesha pazia la maua kwa kidevu. Pazia lilikuwa linatikisika kidogo, maana upande wa pili kulikuwa na mtu. "Nimesikia yote. Tangu ripoti mpaka chai."

Katibu, aliyekuwa ameshajichukulia kikombe, akakiweka chini kwa uangalifu wa mtu aliyeambiwa kina sumu. Mwenye Duka yeye alianza kucheka. Alicheka bila sauti, tumbo likipanda na kushuka, mpaka akatoa leso. "Karibu," alisema. "Mimi nimekusubiri huko miaka. Godoro, ukilala juu yake unaamka umelala chini!"

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Nilikuwa nje."

Mwenyekiti alibaki amesimama. Alikuwa amezoea kuwasamehe watu, kuomba yeye ndiko kulimpa shida, na maneno yalimtoka kwa kukwama. "Nilikukosea. Nisamehe, ndugu yangu." Mwenye Duka akapunga leso, kuashiria kwamba yamekwisha, lakini mwache aendelee kucheka.

"Sasa sikilizeni," Mwenyekiti akasema. "Mimi sina ruhusa ya kuwaambia mchague nani, wala mkatae nani. Ninachosema ni kimoja. Mwenye maslahi hakutoka nje. Alitoka sebuleni, akasimama nyuma ya pazia, na nyinyi chai yake iko vinywani mwenu. Uamuzi huo haufai. Na bwana Katibu, alama za mtu hazirekebishwi."

Nesi hakujisifu, na Mwenyekiti alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Alikusanya makaratasi yake tu. "Kituo kina chumba," alisema. "Tukitembea tunafika sasa hivi."

Wakaondoka, chai ikabaki mezani inapoa. Mwenyekiti alifuatana nao mpaka getini kwa Kituo, akakataa kuingia hata uani. Nje ya geti palikuwa na benchi, na kwenye benchi kulikuwa na mzee mmoja wa Kituo aliyekuwa anaota jua. Mzee yule akajisogeza kumpa nafasi, akamtazama kuanzia viatu hadi mvi.

"Karibu. Wewe umeletwa na nani?"

"Nimejileta mwenyewe."

"Watoto wa siku hizi!" alisema mzee kwa huruma, akampapasa goti.

Walipomwita, Kaimu alikuwa ameshapata kazi kwa kura zote, ya Katibu ikiwamo. Mwenyekiti aliandika matokeo kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, kisha akasafisha koo. Akasema cheo ni dhamana, naye ameishika dhamana hii kupita muda uliowekwa na katiba, kwa hiyo kwenye mkutano mkuu ataachia kiti. Akainamisha kichwa kidogo, akawasubiri wapinge.

"Naunga mkono," alisema Katibu.

Walipokuwa wanatoka, Mwenye Duka akamshika kiwiko. "Yule kijana wako kiwandani alitunza ghala, sivyo? Mimi nina ghala. Jumatatu nasaili watu. Mwambie aje kama wengine. Atasailiwa na mke wangu, mimi nitatoka nje."

Ile habari ya ghala Mwenyekiti aliibeba mpaka nyumbani kama mtu anayerudi na zawadi ndogo kwenye nyumba iliyotarajia kubwa. Aliitoa mlangoni, kabla ya viatu. Akaongeza kwamba si ahadi. Akaongeza tena kwamba hataahidi kitu tena kwa mtu yeyote. Kisha akataka kuketi, akakuta kiti chake kimekaliwa. Mkewe ndiye aliyekuwa amekikalia, sawasawa, mikono juu ya egemeo. Binti na mumewe walikuwa kwenye kochi. Mito haikuwa imesimama tena kwa pembe, na vile vikombe vya bodi vilikuwa mezani mbele yao, vimeoshwa, pamoja na chupa ya chai.

"Usikae," alisema mkewe. "Tuna kikao."

"Ajenda?"

"Wewe."

Mwenyekiti akacheka. Alipoona hakuna aliyemsaidia kucheka, akaacha.

"Tunaamua kama tunabaki hapa au tunahamia kwa kaka yake huyu mume wangu," binti alisema bila kumtazama. "Na tunaamua mengine."

"Basi nami nichangie kidogo, maana..."

"Mwenye maslahi atoke nje," alisema mkwe.

Alilisema wazi, kwa sauti yake kamili, na ilikuwa mara ya kwanza sauti hiyo kusikika humo ndani. Mwenyekiti alimtazama kijana yule kwa mshangao, kisha kwa kitu kilichokaribia sana heshima. "Baba," mkwe akamalizia, ili isije ikawa utovu wa adabu.

Akaenda jikoni, akaketi kwenye stuli. Pazia la maua lilikuwa wazi, akatega sikio. Pale pale mto wa kochi ukaja kutoka upande wa pili ukasukumwa kwenye kidirisha, ukaziba barabara. Mwenyekiti akasikiliza. Hakusikia kitu. Wangeweza kuwa wanamtetea, wangeweza kuwa wanafungasha, hakuwa na namna ya kujua, na kule ndani hakuna aliyehitaji kumwogopa. Alitambua kwamba hivyo ndivyo alivyotaka iwe siku ile alipokiandika kifungu, ila hakuwahi kufikiri kina ladha gani kwa aliyeko nje. Kinauma. Kando ya jiko palikuwa na vitunguu na kisu. Akavuta kimoja akaanza kumenya, vibaya, mpaka macho yakamjaa machozi, na hakujisumbua kuyafuta.

Ilichukua muda. Mwishowe mto ukatoka, na mkono wa mkwe ukapita kidirishani umeshika kikombe chenye ukingo wa dhahabu, kinafuka moshi.

"Chai, baba."

"Mmeamua nini?"

"Umepita. Kura mbili kwa moja. Tunabaki mpaka tupate pa kwetu."

"Nani amenikataa?"

"Kura ni siri, baba."

"Ni mimi," sauti ya binti yake ikaja kutoka sebuleni, nzito kwa kulia. Kisha ikasema tena, "Lakini kunywa chai yako, isipoe."

Tangu nyumba ile ijengwe, chai ilikuwa ikitoka jikoni kwenda sebuleni. Mwenyekiti akaweka kisu chini, akakipokea kikombe kwa mikono miwili.